Ijaribu Aplikesheni Mpya Kama Unavyojaribu Mbegu Mpya

 

Leo naongea na yule kijana ambaye kitu kipya kikitoka tu, yeye kashapakua. Simu yake imejaa aplikesheni za bei za mazao, za kutambua magonjwa, za kupima shamba, za kuandika mauzo. Wenzake wanamcheka kidogo, ila wakikwama wanamfuata yeye. Kijana huyu simlaumu hata kidogo. Kila kijiji kinamhitaji mtu wa namna hii. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, watu wengi hawakuamini kwamba hela inaweza kupita kwenye simu ikafika. Wachache walijaribu na hela ndogo, ikafika, wakawaambia wengine. Leo ni nani anapanda basi na bahasha ya hela kwenda kumlipia mdogo wake ada?

Tatizo langu na huyu kijana ni moja tu: hajaribu, anahamia. Kesho anaacha daftari, keshokutwa anaacha mnunuzi wake wa zamani, wiki ijayo anakopa kwenye simu, halafu msimu ukiisha ukimuuliza "hiyo aplikesheni imekuingizia shilingi ngapi?" hana jibu. Anajua kwamba ni nzuri, ila kwa nini ni nzuri hajui. Na kama msimu umeenda vibaya, hajui pia kama kosa ni la aplikesheni, la mvua au la bei.

Makala hii inaeleza jinsi ya kufanya jaribio la kweli la teknolojia ya simu kwenye biashara yako ya kilimo, ili ubaki na faida ya kuwa wa kwanza bila kuuweka mtaji wako wote rehani.

Unajua tayari jinsi ya kujaribu

Fikiria mbegu mpya ya mahindi inapoletwa kwenye shamba darasa. Hakuna mtu anayeng'oa shamba lote. Tunachukua kipande. Pembeni yake tunapanda mbegu ya zamani, siku hiyohiyo, nafasi ileile, mbolea ileile, palizi ileile. Kinachotofautiana ni mbegu tu. Mwisho tunavuna kila kipande peke yake, tunapima kwa mizani, tunatoa gharama, ndipo tunasema neno.

Hapo kuna mambo manne: swali moja, kipande kidogo, kitu cha kulinganisha nacho, na siku ya kupima. Teknolojia ya simu inataka hayohayo manne. Ukikosa hata moja, unachofanya ni kuchezea simu, hujajaribu kitu bado.

Anza na uamuzi unaogusa hela

Kabla hujapakua kitu, jiulize: hii aplikesheni itabadilisha uamuzi gani shambani kwangu? Kama hakuna uamuzi unaobadilika, hata iwe nzuri namna gani, ni burudani. Burudani si dhambi, ila usiiandike kwenye gharama za shamba.

Maamuzi yanayokula hela ya mkulima kijana siku zote ni yaleyale. Nimwagilie leo au nisubiri? Nipulize dawa au nisipulize? Shamba hili ni eka ngapi, ninunue pembejeo kiasi gani? Niuze kwa nani? Nimepata faida au nimezungusha hela tu? Chukua moja kati ya hayo, lile linalokuumiza zaidi. Hilo ndilo swali lako la msimu.

Mfano mzuri uko hapa kwetu. Kuanzia mwaka 2013, katika skimu za umwagiliaji za Kiwere na Magozi mkoani Iringa, kulikuwa na mradi wa utafiti uliohusisha pia Zimbabwe na Msumbiji. Moja ya zana zilizojaribiwa Kiwere ni kifaa kinachoitwa Chameleon, yaani kinyonga, kilichobuniwa na watafiti wa Australia. Vihisio vyake vinafukiwa kwenye udongo kwa kina tofauti. Mkulima akiunganisha kisomeo, anaona taa za rangi. Bluu maana yake udongo una maji mengi, usimwagilie. Kijani, unyevu unatosha. Nyekundu, udongo umekauka, mmea unahangaika.

Hebu angalia ubora wa kifaa hicho. Hakimpi mkulima grafu wala asilimia. Kinajibu swali moja ambalo mkulima hujiuliza kila asubuhi: leo nifungue maji au nisifungue? Wakulima waligundua kwamba walikuwa wanamwagilia mara nyingi kuliko mmea unavyohitaji, wakapunguza. Na maji yakizidi, hasara haiishii kwenye maji na muda tu, kwa sababu maji ya ziada yanashuka na naitrojeni chini ya mizizi. Mbolea uliyonunua inaondoka na wewe umesimama hapohapo unaitazama.

Huo ndio mfano wa teknolojia inayobadilisha uamuzi. Ukiletewa kifaa au aplikesheni mpya, ipime kwa kipimo hicho.

Jaribio la kwanza: aplikesheni ya kutambua magonjwa

Hizi zinapendwa sana, na baadhi zimetengenezwa kwa umakini mkubwa. Nuru, kwa mfano, ilitengenezwa na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania huko Marekani, kwa kushirikiana na FAO na taasisi ya utafiti ya IITA. Inatambua magonjwa ya muhogo na uharibifu wa viwavijeshi vamizi kwenye mahindi, inaongea Kiswahili, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Kwa mkulima aliyeko bondeni ambako simu haishiki, hilo si jambo dogo.

Lakini elewa inavyofanya kazi. Aplikesheni ya namna hii imefundishwa kwa picha nyingi za majani: haya yana batobato, haya yana michirizi ya kahawia, haya ni mazima. Ukiionesha jani, inatafuta linafanana na lipi kati ya aliyofundishwa. Kwa hiyo inajua kile ilichofundishwa tu. Ukiionesha zao au tatizo ambalo halimo, kuna hatari ikakupa jina la kitu kinachofanana nalo. Jani la mahindi lenye upungufu wa madini na jani lenye ugonjwa, kwenye picha yenye kivuli, yanaweza kukuchanganya hata wewe mwenyewe.

Ijaribu hivi. Tembea shambani kwa njia ya zigizaga, simama sehemu tano, kila sehemu chunguza mimea minne. Hiyo ni mimea 20. Kila mmea uandike kwanza wewe mwenyewe kwenye daftari unaona nini, kabla hujafungua simu. Halafu piga picha, andika aplikesheni imesema nini. Yale majani ambayo wewe na simu hamjakubaliana, mwite afisa ugani wa kata au peleka sampuli kwa mtaalamu wa afya ya mimea. Ukimaliza utakuwa na jedwali la safu tatu: mimi, simu, mtaalamu. Ndani ya siku moja utajua uiamini kwa lipi na usiiamini kwa lipi.

Na kumbuka uamuzi. Kwenye mahindi swali ni nipulize au nisipulize. Kwenye muhogo, batobato na michirizi ya kahawia ni magonjwa ya virusi, hayana dawa ya kupuliza ikapona. Uamuzi pale ni kung'oa mimea iliyougua mapema na kutochukua pingili za shamba hilo kwenda kupanda tena. Kama aplikesheni imekwambia "muhogo una ugonjwa" na wewe ukakimbilia duka la pembejeo, simu imesema kweli na hela imepotea vilevile.

Jaribio la pili: kupima shamba kwa simu

Eka moja ina mita za mraba 4,047. Kama ni mraba kamili, kila upande ni karibu mita 64. Huku kwetu watu wamezoea "hatua 70 kwa 70", na kwa hatua ya kawaida inakaribiana. Tatizo linaanza mtu anaposoma hatua 70 kama mita 70. Mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900, yaani umezidisha kwa karibu asilimia 20.

Sasa aplikesheni za kupima shamba zinatumia GPS. Simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi hukosea kama mita 3 hadi 5, na chini ya miti au kwenye bonde lenye kuta hukosea zaidi. Kwenye shamba la eka 50 mita hizo hazina shida. Kwenye robo eka, ambayo upande wake ni kama mita 32, zinauma.

Jaribio lake ni rahisi kuliko yote. Chukua kamba, ipime mita 50 kwa uhakika, pima kipande kimoja chenye pembe zinazoeleweka. Halafu kizunguke na simu mara tatu kwa siku tofauti, ukisimama kidogo kila kona kabla ya kuweka alama. Andika majibu yote manne. Kama vipimo vitatu vya simu vinakaribiana na vinakaribia kamba, itumie kwa mashamba ya ukubwa huo kwenda juu. Kama vinarukaruka, kamba yako bado ina kazi.

Kwa nini nasisitiza jambo linaloonekana dogo? Kwa sababu karibu kila kitu shambani kinalipwa kwa eka: trekta, vibarua wa palizi, mbegu, mbolea, dawa. Ukiwa na eka moja ukadhani ni moja na robo, umelipia robo eka ambayo haipo, tena kila mara unapoingiza kitu shambani.

Jaribio la tatu: kitabu cha hesabu kwenye simu

Hapa vijana wengi wanafanya haraka. Wamepakua aplikesheni ya mauzo na matumizi Jumatatu, Jumanne daftari limewashiwa moto wa kuchomea mahindi. Taratibu.

Kwa mwezi mmoja andika kote kuwili. Kila jioni, dakika tano, daftari na simu. Najua inachosha, lakini mwezi mmoja unatosha kukuonesha mambo matatu.

Kwanza, je, unaandika kweli? Aplikesheni nzuri isiyojazwa inashindwa na daftari chafu linalojazwa. Mwisho wa mwezi hesabu siku ulizoruka upande huu na upande ule.

Pili, je, ina nafasi ya gharama zako halisi? Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya duka: nunua, uza, bakisha. Shamba lina gharama zinazotangulia mapato kwa miezi. Kama huwezi kutenganisha nyanya za bondeni na vitunguu vya juu, basi mwisho wa msimu utaona faida moja ya jumla, na hutajua ni zao lipi lililombeba mwenzake.

Tatu, simu ikipotea itakuwaje? Hili lijaribu, usilifikirie tu. Chukua simu ya ndugu yako, ingia na namba yako, uone kama kumbukumbu zako zinarudi. Jaribu pia kuzitoa nje, kama jedwali unaloweza kulituma au kulichapisha. Kama kumbukumbu haziwezi kutoka, basi si zako. Siku kampuni ikifunga au ikianza kutoza hela, wewe na msimu wako mmefungiwa ndani.

Jaribio la nne: kuuza moja kwa moja kupitia simu

Hili ndilo lenye hela nyingi, ndilo pia lenye hadithi nyingi. WhatsApp Business, iliyoanza mwaka 2018, ni ya bure kupakua na kuanza kutumia na inatosha kwa kuanzia. Unaweka wasifu wa biashara, unapanga bidhaa na picha na bei kwenye katalogi, unaandaa majibu ya haraka kwa maswali yanayojirudia, unawawekea wateja lebo: aliyeagiza, aliyelipa, anayedaiwa. Ifungulie laini yake, ili meseji za wateja zisichanganyike na za kikundi cha ukoo.

Kisha usimwache dalali wako. Bado. Chukua sehemu ndogo ya mavuno, uza moja kwa moja, iliyobaki iende njia ya kawaida, siku ileile. Halafu fanya hesabu hii. Namba ninazoweka hapa ni za mfano tu, weka za kwako.

Tuseme dalali anachukua tenga la nyanya shambani kwa 25,000, analipa papo hapo. Mteja wa mjini uliyempata kwenye simu analipa 32,000. Unaona 7,000 ya ziada kwa kila tenga, unataka kupiga kelele. Subiri. Umepeleka matenga 5:

- Mauzo: 32,000 mara 5, sawa na 160,000
- Usafiri: 3,000 kwa tenga, 15,000
- Bando, simu na makato ya miamala: 4,000
- Tenga moja limepondeka, likauzwa nusu bei: umepoteza 16,000
- Siku yako nzima mjini, kwa bei ya kibarua: 10,000

Kilichobaki ni 115,000, yaani 23,000 kwa tenga. Dalali angekupa 125,000 ukiwa umekaa nyumbani. Umepoteza 10,000.

Wengi hapa wanafuta aplikesheni, wanasema biashara ya mtandao ni ya watu wa mjini. Hapo ndipo faida ya kuandika inapoonekana, kwa sababu namba zinakuonesha pa kurekebisha. Tuseme mmeungana vijana wanne, mmepeleka matenga 20. Gari limejaa, usafiri umeshuka hadi 2,000 kwa tenga. Mmepanga vizuri, yamepondeka matenga mawili. Ameenda mtu mmoja tu:

- Mauzo: 640,000
- Usafiri: 40,000
- Mawasiliano na makato: 8,000
- Hasara ya kupondeka: 32,000
- Siku ya mtu mmoja: 10,000

Kilichobaki ni 550,000, sawa na 27,500 kwa tenga. Kwa dalali ingekuwa 500,000. Mmepata 50,000 zaidi. Aplikesheni ni ileile, bei ni ileile. Kilichobadilika ni wingi wa mzigo na ufungaji. Bila kuandika usingejua.

Ongeza safu moja kwenye jedwali lako: siku za kusubiri malipo. Dalali anayelipa leo na mteja anayelipa baada ya wiki tatu hawalingani, hata kama namba ya mteja ni kubwa. Na kwa usalama wako, shika mambo haya mawili. Meseji ya "umepokea" isikutoshe, angalia salio lenyewe kabla mzigo haujashuka, maana meseji za uongo zinatengenezwa kila siku. Pia pokea malipo ya mauzo kwenye Lipa Namba au laini ya biashara, usiyachanganye na laini ambayo mama anakutumia hela ya sukari. Mwisho wa msimu ile taarifa ya miamala ni kumbukumbu ya biashara yako, na mkopeshaji makini anaweza kuitaka.

Mahali ambapo hatujaribu: mkopo wa haraka

Nimesema jaribu mengi. Hapa nasema simama.

Aplikesheni za mikopo ya papo hapo zinavutia kwa sababu zinakuja siku ambayo umebanwa: kantangaze wameingia kwenye nyanya, dawa inahitajika leo, mfukoni hakuna kitu. Unabonyeza mara tatu, hela imeingia. Ila tazama kalenda. Mkopo mwingi wa namna hii unadaiwa ndani ya wiki mbili hadi mwezi. Nyanya kuanzia kupandikizwa hadi uvunaji wa kwanza ni takribani miezi miwili na nusu hadi mitatu. Deni linaiva kabla ya nyanya. Utalilipa na nini? Wengi wanalilipa kwa mkopo mwingine, na hapo ndipo biashara inapoanza kufanya kazi kwa ajili ya mkopeshaji.

La pili ni ruhusa. Wakati wa kusakinisha, aplikesheni inaomba kuingia kwenye majina ya simu yako, picha, meseji, mahali ulipo. Kwa aplikesheni ya kupima shamba, kuomba mahali ulipo kunaeleweka. Mkopeshaji anataka majina yote ya simu yako ya nini? Watu wamedhalilishwa kwa jamaa, wateja na wakwe zao kwa meseji za madeni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa kwa umma orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zilizokuwa zinakopesha mtandaoni bila leseni. Kwa hiyo kabla ya kukopa popote, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu, soma jumla utakayorudisha kwa shilingi badala ya asilimia tu, na soma tarehe. Ujue pia kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na kuna Tume inayoisimamia. Taarifa zako si mali ya kila anayezitaka.

Kanuni ninayowapa vijana ni hii: jaribu kwa hela uliyo nayo, usijaribu kwa hela ya kukopa. Jaribio likishindikana kwa hela yako, umepoteza bando na siku chache. Likishindikana kwa hela ya mtu, umepoteza msimu ujao pia.

Karatasi ya jaribio

Chukua ukurasa mmoja wa daftari, andika haya kabla ya kupakua:

1. Swali langu ni lipi? Liwe moja.
2. Nitajaribu kwenye kipande gani, matenga mangapi, siku ngapi?
3. Nitalinganisha na nini? Njia ya zamani iendelee pembeni.
4. Gharama ni zipi? Bando, chaji, makato, muda wako, na ada itakayoanza baada ya kipindi cha bure.
5. Nikipata nini nitasema imefaa? Andika namba.
6. Siku ya kuamua ni lini? Andika tarehe.

Hiyo namba ya tano ndiyo ngumu, na ndiyo inayokulinda. Ukiiandika mwishoni, baada ya kukipenda kitu, utatafuta sababu ya kukisifu. Ukiiandika mwanzoni, kazi inabaki kusoma tu: imefika au haijafika.

Siku ya kuamua ikifika, majibu ni matatu. Endelea, na upanue kidogo, kutoka robo eka kwenda nusu, kutoka matenga matano kwenda ishirini. Rekebisha, ujaribu tena msimu mwingine ukibadilisha jambo moja tu. Au acha, uifute, na uondoe akaunti yako pamoja na taarifa zako. Kuacha baada ya kupima ni jibu kamili. Kituo cha utafiti kinajaribu mbegu nyingi na kutoa chache, na hakuna anayesema kimeshindwa.

Jirani anakuangalia

Jambo la mwisho. Wewe unayependa vitu vipya una wafuasi kijijini hata kama hujui. Ukisema "hii kitu ni moto", kuna mama mwenye watoto watatu atauza mbuzi anunue simu. Kuna kijana atamkosea dalali wake adabu, halafu msimu wa bei mbaya hana pa kurudi. Kwa hiyo maneno yako yana gharama, na gharama hiyo mara nyingi anailipa mwingine.

Ndiyo maana nataka uwe na ile karatasi. Jirani akikuuliza, mwoneshe namba: nilijaribu kwa matenga matano nikapoteza elfu kumi, tulipokuwa wanne tukapata elfu hamsini zaidi, mzigo ulikuwa huu, barabara ilikuwa hivi. Yeye ataangalia hali yake ataamua mwenyewe. Habari ya kushindwa ina thamani sawasawa na ya kufaulu, na ni nadra zaidi, kwa sababu watu wanaona aibu kuisema.

Msimu unaokuja chagua jaribio moja kati ya haya manne. Moja tu. Liandike leo, kabla mvua hazijakushika mikono. Ukikwama kwenye kupanga au kulinganisha, mtafute afisa ugani wa kata yako ukiwa na daftari mkononi, kazi yetu ni hiyo. Kila la heri shambani.